Skuli ya jirani isiwe ya maskini peke yao

Kwa muda sasa yamekuwa yakisikika maneno, bara na visiwani, kwamba mzazi aachiwe uhuru kamili wa kumchagulia mtoto wake skuli, na kwamba Serikali isimfungie mwananchi katika skuli ya mtaa wake. Maneno hayo ni matamu, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesimama hadharani kuupinga uhuru. Lakini siasa ya nchi hii ilitufunza zamani kuuliza swali kila tusikiapo neno tamu: uhuru huo ni wa nani, na nani atakayebaki kuulipia?

Ili tulipate jibu, tunawaomba wasomaji wetu watoke kidogo katika habari za Mjini na za Chake Chake, watufuate mpaka Nkoaranga, chini ya Mlima Meru, mashariki ya Jiji la Arusha. Tunakwenda huko kwa sababu katika nchi yetu ni sehemu chache ambazo watu wake wamejua thamani ya skuli mapema kama hapo, na ni sehemu chache ambazo biashara ya skuli imekua kama ilivyokua pale. Yaliyotokea huko ndiyo yanayobisha hodi huku kwetu.

Alfajiri, kabla jua halijaupita mlima, barabara za vumbi zinazoshuka kutoka kwenye migomba na kahawa kuelekea barabara kuu ya Moshi na Arusha huwa zimekwisha kupita mabasi ya njano. Yanachukua watoto wa madaktari, wa wafanyabiashara, wa watumishi wa Serikali, na hata wa walimu wa skuli za Serikali, kuwapeleka mbali katika skuli za kulipia. Nyuma ya mabasi hayo hutokea kundi jingine la watoto, wanaokwenda kwa miguu, fagio mkononi na dumu la maji begani, kuelekea skuli iliyo karibu. Watoto hao wote ni wa kijiji kimoja. Wengine ni ndugu wa ukoo mmoja. Lakini tangu wakiwa na umri wa miaka minne au mitano wamekwisha kugawanywa, na aliyewagawa si akili zao bali mfuko wa baba.

Mgawanyo wa watoto si jambo jipya katika eneo hilo. Walutheri walifungua misheni yao Nkoaranga mwaka 1902, na elimu ya kusoma na kuandika ikaingia Umeruni kwa mlango wa kanisa. Mkoloni alipokomaa akaweka mafungu matatu: skuli za Wazungu, skuli za Waasia, na skuli za Waafrika, kila fungu na bajeti yake, na la mwisho ndilo lililopata makombo. Pale Arusha mjini ilijengwa, katika miaka ya 1930, Arusha School, kwa ajili ya watoto wa walowezi na maafisa wa Kizungu. Mtoto wa Mmeru aliyelima kahawa aliweza kuona paa lake tu.

Baada ya Uhuru wa Tanganyika ubaguzi wa rangi katika skuli ulifutwa, na kuanzia mwaka 1962 milango ikafunguliwa kwa mujibu wa sheria. Ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyozitia skuli za misheni zilizokuwa zikisaidiwa na Serikali mikononi mwa umma, na hapo mtoto wa Kiislamu, ambaye katika nchi ya misheni aghalabu hakuwa na pa kwenda zaidi ya chuo cha Qur'ani, akapata naye kiti bila ya kuulizwa dini yake. Mwaka 1974 likapitishwa Azimio la Musoma, na kufikia mwaka 1977 nchi nzima ikatakiwa kuwa na elimu ya msingi kwa kila mtoto. Walimu waliohitajika hawakuwapo, kwa hivyo vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha, kwa vitabu vya posta na kwa redio. Wako wanaolicheka jambo hilo leo. Hatuwaungi mkono, kwa kuwa waliosomeshwa na vijana wale ni mamilioni, na wengi wao ndio wanaocheka.

Lakini lazima pia tuseme ukweli wote. Nafasi za sekondari zilikuwa haba, na Serikali ikaamua kuzigawa kwa mafungu ya mikoa na wilaya ili mikoa iliyoachwa nyuma na mkoloni nayo ipate. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo, katika sehemu kama Meru na Kilimanjaro, ambako watoto wengi walifaulu na nafasi zilikuwa chache, wazazi hawakukaa kitako. Walichanga fedha za kahawa, makanisa yakachanga, Jumuiya ya Wazazi ya Chama ikajenga, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 sekondari zisizo za Serikali nchini zilikuwa nyingi kuliko za Serikali. Mwaka 1995 sera mpya ya elimu ikafungua mlango mpana kwa watu binafsi, hata katika elimu ya msingi. Kilichoanza kama juhudi ya wananchi kikawa soko.

Tunaeleza historia hiyo ili isidhaniwe kwamba tunamlaumu mzazi. Mzazi wa Nkoaranga hana kosa. Yeye anaona kwamba skuli ya msingi ya Serikali inafundisha kwa Kiswahili, na sekondari inafundisha kwa Kiingereza. Anajua kwamba mtoto wake atakaa miaka saba akifahamu anachofundishwa, kisha siku moja ya Januari atakaa mbele ya mwalimu wa Bayolojia na kuwa bubu. Mwenye fedha anamvusha mtoto wake mto huo mapema, kwa kumpeleka skuli ya Kiingereza tangu chekechea. Sera ya mwaka 2014 iliahidi kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote za elimu. Toleo lake la mwaka 2023 limeirudisha sekondari kwenye Kiingereza. Yaani mto umebaki pale pale, na daraja bado ni la kulipia. Kufundisha somo la Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, kama mtaala mpya ulivyoanza kufanya mwaka 2024, kutasaidia, ikiwa mwalimu wa somo hilo mwenyewe anakijua.

Kibaya zaidi ni kwamba halmashauri zetu nazo zimeingia katika mchezo huo. Zipo skuli za msingi za umma zinazofundisha kwa Kiingereza na kutoza fedha: Olympio na Diamond za Dar es Salaam zinajulikana na wote, na halmashauri nyingine zimefuata mkondo huo. Arusha School yenyewe leo ni ya Serikali, na inafundisha kwa Kiingereza. Zamani rangi ndiyo iliyokuwa ufunguo wa lango. Rangi imeondoka, alhamdulillahi, lakini pale ambapo ardhi ni ya umma, na mwalimu analipwa na umma, kisha mtoto wa umma anaambiwa alete kwanza fedha, hatuoni sababu ya kujisifu sana. Serikali haiwezi kutangaza elimu bila ada kwa mkono wa kulia, kama ilivyofanya kwa Waraka Namba 5 wa mwaka 2015, na kwa mkono wa kushoto ikauza viti.

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yetu. Wanaotetea uhuru wa kuchagua husema kwamba skuli ikikimbiwa itaona haya na kujirekebisha, kama duka linalokimbiwa na wateja. Hoja hii ingekuwa sawa kama skuli ingekuwa duka. Duka likikosa wateja mwenye duka hulala njaa. Skuli ya kijiji ikikosa mtoto wa daktari, hakuna anayelala njaa. Mwalimu mkuu analipwa mshahara ule ule, na Afisa Elimu pia. Kinachopungua ni kitu ambacho hakiandikwi katika daftari lolote la hesabu, nacho ni sauti.

Hebu tuangalie mkutano wa wazazi katika skuli yoyote ya kijiji. Choo kimejaa, walimu wa hisabati ni mmoja kwa madarasa yote, na ruzuku imechelewa. Kama daktari wa hospitali, mfanyabiashara wa mbao, karani wa mahakama na diwani wangekuwa na watoto wao katika skuli hiyo, mkutano usingekwisha bila ya mtu kutoa simu yake mfukoni na kumpigia Mkurugenzi kwa jina. Lakini wao wako kwenye mkutano mwingine, mbali, ambako wamelipa ada na wanasikilizwa kwa adabu. Aliyebaki ni bibi kizee anayelea wajukuu wake. Amekuja mapema, amekaa nyuma. Anaambiwa fedha hazijaletwa, anaitika, na anarudi kwake. Bibi huyo ana haki ile ile ya kuuliza aliyo nayo daktari, na katika Katiba ni sawa sawa. Lakini hakuna Mkurugenzi anayelijua jina lake.

Hiyo ndiyo hasara ya uchaguzi wa aina hii. Kila mzazi mwenye nguvu anayeondoka anafanya jambo la busara kwa mtoto wake, na wote kwa pamoja wanaiacha skuli ya umma bila mtetezi. Kisha ikidhoofika wanasema: mnaona, tulifanya vema kuondoka.

Wameru wenyewe wanajua thamani ya sauti ya pamoja. Mwaka 1951 mkoloni alipowafukuza wananchi wa Engare Nanyuki katika ardhi yao ili apewe mlowezi, hawakutafuta kila mtu wakili wake. Walichangishana, tajiri na maskini, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi wakati huo, lakini Tanganyika nzima iliamka. Lau kila mwenye uwezo angejinunulia shamba kwingine na kuondoka kimya kimya, nani angelijua jina la Engare Nanyuki?

Wapo wataalamu wanaoshauri njia nyingine: Serikali impe kila mzazi hati ya fedha, aende nayo katika skuli aipendayo, ya umma au ya mtu binafsi. Nchi ya Chile ilifanya hivyo kuanzia mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi. Watoto wa tabaka la kati walimiminika katika skuli za binafsi, skuli hizo zikachagua waliokuwa rahisi kufundishwa na kudai nyongeza kwa wazazi, na skuli za manispaa zikawa makao ya maskini. Mwaka 2006 na mwaka 2011 wanafunzi wenyewe walijaa barabarani, na mwaka 2015 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuondoa hatua kwa hatua nyongeza za wazazi, faida na usaili katika skuli zinazopokea fedha za Serikali. Imewachukua zaidi ya miaka 30 kugundua kwamba mara nyingi anayechagua ni skuli, na anayechaguliwa ni mtoto. Hatuoni sababu ya Tanzania kulilipia somo hilo upya, hasa kwa kuwa hati yenyewe ingekuwa ndogo: ruzuku ya mwanafunzi wa msingi bara imekadiriwa kwa muda mrefu kuwa sh. 10,000 kwa mwaka. Igawe kwa miezi ya masomo, uone inanunua chaki ngapi.

Hata wafadhili wema hawakwepi kuchagua. Skuli ya St Jude, iliyoanzishwa mwaka 2002 huko Moshono, Arusha, na Gemma Sisia wa Australia, inawasomesha bure watoto wa maskini, na kwa hilo inastahili shukrani. Lakini inawapima kwanza na kuwachukua wenye vichwa vyepesi. Serikali nayo inafanya hivyo hivyo: Ilboru, hapo hapo Arusha, ni skuli ya wavulana wenye vipaji maalumu, na sisi visiwani tunazo skuli zetu za vipawa na michepuo. Hatusemi zifungwe. Tunasema kwamba kila mara mtoto hodari anapotolewa darasani, waliobaki wanapoteza mwenzao wa kumuuliza, na mwalimu anapoteza sababu moja ya kujitayarisha usiku.

Asije mtu akasema kwamba skuli ya umma haiwezi. Katika matokeo ya kidato cha sita ya mwaka 2016, skuli iliyoshika nafasi ya kwanza Tanzania nzima ilikuwa Kisimiri, sekondari ya Serikali iliyoko huko huko Arumeru, juu ya mteremko wa Mlima Meru. Iliziacha nyuma skuli za kulipia zenye majina makubwa. Kweli, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita huchaguliwa, na hatudai kwamba Kisimiri ni sawa na skuli ya msingi ya kijijini. Lakini mwalimu wake alilipwa na Hazina ile ile. Tunalitaja jambo hilo kwa ajili ya maafisa ambao kila wakiulizwa hujibu kwamba mambo mazuri yanahitaji mwekezaji.

Turudi kwetu. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Serikali ya Marehemu Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza elimu bila malipo Unguja na Pemba. Kabla ya hapo mtoto wa mkwezi na mtoto wa mvuvi aliishia chuoni, na huko kwa hakika alikaa mkeka mmoja na mtoto wa tajiri, wakisoma juzuu moja kwa sauti moja, na bakora ya mwalimu haikuuliza ukoo. Mapinduzi yaliutoa mkeka ule chuoni na kuutandika skuli. Hiyo ndiyo maana ya elimu bila malipo: kukaa pamoja, si kusamehewa ada tu.

Leo mkeka unaanza kukunjwa. Skuli za binafsi zimeongezeka, hasa Mkoa wa Mjini Magharibi, na asubuhi utayaona magari yakiwapeleka watoto wa watumishi wa umma, wakiwamo wale ambao kazi yao ni kusimamia skuli za umma. Serikali imejenga skuli za ghorofa Unguja na Pemba katika miaka ya karibuni, na ni kazi ya kupongezwa. Lakini ghorofa haina sauti. Anayeiwekea taa inapoungua, na kumuuliza mwalimu kwa nini hakuingia darasani, ni mzazi.

Kwa hiyo tunawageukia viongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilizaliwa chini ya Mlima Meru huo huo, lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, au nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama, ikikutana hapa Zanzibar, ililegeza masharti hayo, na hatutaki kuufufua mjadala huo leo. Azimio halikugusa skuli ya mtoto wa kiongozi. Sisi tunadhani wakati umefika iguswe, kwa njia nyepesi sana. Viongozi wa umma hujaza fomu za tamko la mali na madeni, bara kwa sheria ya mwaka 1995 na Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2015. Uongezwe mstari mmoja: mtoto wako anasoma skuli ya umma au ya kulipia? Lisiandikwe jina la mtoto wala la skuli. Kisha itangazwe hesabu kwa jumla, wizara kwa wizara na halmashauri kwa halmashauri. Mwananchi akijua kwamba katika idara ya elimu ya wilaya yake maafisa kumi hawana hata mtoto mmoja katika skuli wanazozikagua, atajua la kuuliza.

Pili, skuli yoyote ya umma inayotoza ada ya masomo ya msingi, kwa jina lolote, irudishwe katika elimu bila ada, na walimu wake wazuri wa Kiingereza wagawanywe, angalau kwa siku mbili za wiki, katika skuli za jirani zake.

La tatu ndilo la haraka kupita yote. Zanzibar ilikwisha kupunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita kwa Sera ya mwaka 2006. Bara sasa inafuata, pamoja na elimu ya lazima ya miaka kumi. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao kaka na dada zao wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Nkoaranga, Usa River, Tengeru, Arusha mjini, kila mahali, wanafunzi wataongezeka maradufu katika mlango mmoja. Wenye fedha wamekwisha kuanza kutafuta pa kukimbilia, na wenye skuli za kulipia wanajua hivyo.

Kila halmashauri ya bara, ikianza na ya Meru na ya Jiji la Arusha, ibandike sasa hivi kwenye ubao wa ofisi ya kata mambo matatu: watoto wangapi watafika Januari hiyo, vyumba vingapi vipo, na walimu wangapi wa hisabati, sayansi na Kiingereza wapo. Na hapa visiwani Wizara ya Elimu ibandike hesabu ya namna hiyo kwa kila shehia, kwa skuli za msingi na za sekondari, kila mwanzo wa mwaka. Orodha yoyote itakayoletwa katika ofisi yetu, ikiwa na mhuri wa kata au wa sheha, tutaichapisha katika ukurasa huu kama ilivyo, bila ya malipo.